Sahihi ya Marehemu

Fundi cherehani wa duka linalotazamana na kinyozi alikuwa anapinda sketi ya shule pale mashine ilipogoma. Aliitia mafuta, akaipiga kofi, akaitukana, wapi! Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, sare za nusu ya mtaa zilikuwa mezani hazina mikono, na pesa za wazazi zilishageuka kitambaa. Basi akavua utepe wa kupimia shingoni, akafunga duka, akaenda benki kutoa akiba yake anunue mashine nyingine.

Akiba haikuwepo. Karani alimchapia taarifa ya akaunti, na humo mlikuwa na makato ya gemu ya simu: upanga wa moto, joka dogo, chakula cha joka, na joho la zambarau la shujaa.

"Mimi sichezi gemu," alisema fundi. "Simu yangu yenyewe ya vitufe."

"Akaunti ni yenu wawili, mama, na vimenunuliwa kwa simu ya mwenye akaunti wa kwanza. Mumeo."

"Mume wangu nilimzika mwaka jana. Cheti cha kifo mlikichukua nyie wenyewe."

"Tunacho," alisema karani kwa upole. "Ila kufuta makato lazima aje mwenyewe."

Fundi alielewa palepale. Siku ya mazishi shemeji yake alishikilia kaka yake azikwe na koti lake zuri, na kwa kuwa shemeji huyo ni mtu wa makelele, watu walimwacha amvishe, na hakuna aliyepekua mifuko. Simu ikaenda na koti ardhini. Kuhusu chaji, marehemu alikuwa na bahati ya vitu hivyo tangu uhai wake.

Jioni fundi alikwenda makaburini, akagonga jiwe. Marehemu alitoka akijipangusa udongo magotini, macho kwenye simu. Alikuwa amenenepa kidogo.

"Benki wanakuita kesho," alisema mkewe.

"Kesho nina vita."

"Utakwenda."

Akaenda, maana wafu wana muda. Mlinzi alimpitisha mbele ya foleni, na waliokuwepo hawakunung'unika, isipokuwa bibi mmoja aliyesema koti lile lingeanikwa kwanza. Karani akamletea marehemu kiti. Kilikuwa kimoja, kwa hiyo fundi akasimama.

"Umetupotea sana, mzee," alisema karani.

"Shughuli tu."

"Haya manunuzi unayatambua?"

Marehemu akavaa miwani. "Upanga, ndiyo. Joka, ndiyo, anakula sana huyo. Joho, enhe, hilo nililipata kwa bei nzuri."

"Bei nzuri!" fundi alidakia. Yeye ameshona majoho ya kwaya na ya mahafali, kazi anaijua. Alimwambia kwamba kwa pesa ile angemshonea yeye mwenyewe joho zima, lenye bitana na vifungo, na chenji ingebaki. Na huyo aliyevalishwa ni katuni, hasikii baridi wala joto. Karani alimsubiri amalize kama mtu anavyosubiri lori lipite, kisha akasogeza kalamu kwa marehemu.

Marehemu akasaini. Karani akaondoa udongo kwenye karatasi, akalinganisha.

"Inalingana. Basi mama, umesikia mwenyewe. Mwenye akaunti anayatambua, kwa hiyo malalamiko yako tumeyafunga."

"Lakini amekufa!"

"Hilo liko kwenye faili, mama."

"Na mimi niko hai. Pesa ile niliiweka mimi, kila mwezi, kwa mguu huu unaokanyaga cherehani."

"Na benki inakushukuru."

"Haya. Nifungulieni akaunti yangu peke yangu."

"Hapo tutahitaji ridhaa ya mzee."

Wote wawili wakamgeukia marehemu. "Tutaongea nyumbani," alisema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kwenye habari za kodi ya duka na za bati linalovuja, ambazo hazikuongewa hata siku moja.

Hakurudi makaburini. Alisema nyumbani mtandao una nguvu zaidi. Akaketi dukani mlangoni, penye mwanga, wateja wakamwamkia wakiingia, na mkewe akaanza kushona mikono ya sare kwa sindano.

"Nilikulilia mpaka sauti ikakauka," alisema fundi. Alisema bila ukali, alikuwa amechoka tu. "Halafu nikajiambia, jamani, mume sina tena, ila angalau nitakachopata sasa kitakuwa changu. Unanisikia?"

"Nakusikia," alisema marehemu bila kuinua kichwa. "Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Fundi akasogeza kigoda chake kizani, akatunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa, akaendelea na mkono wa kushoto.