Geji ya Shemeji

Shemeji yangu anafanya kazi kampuni ya bima, kwenye dawati la magari yaliyogongwa. Kutwa anatazama picha: gari lililopondeka ubavu, gari lililoingia mtaroni, gari lililobaki usukani na viti. Kwa kutazama picha hizo miaka nenda miaka rudi alijiona fundi, akaanza kujiita Injinia, na kwa kuwa ni mtu mzima mwenye sauti nzito, watu wakamwachia. Mimi ni muuguzi, mdogo wa mkewe, na nimepanga chumba cha uani kwao. Kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine yalifanyika kwa vifaa vyangu.

Gari la dada lilikuwa linazimika. Dada anashona sare za shule, na gari ndilo linalobeba marobota ya vitambaa na mifuko ya sare zilizokamilika. Likikuta mlima linakohoa, linatetemeka, linazima. Ukilipumzisha linawaka tena, kimya, kama si lenyewe lililokuaibisha mbele za watu. Na kila likiwashwa, kutoka chini ya kiti cha nyuma ulisikika mlio mwembamba, kama wa mbu aliyenaswa ndani ya chandarua.

"Hiyo ni pampu ya mafuta," dada alisema tukiwa mezani. "Inalia. Tulipeleke gereji."

Shemeji akaweka kijiko chini taratibu. "Mama watoto, wewe unajua cherehani."

"Na cherehani ikianza kulia hivyo najua inaniaga."

"Gari si cherehani. Hapo koili ya kupeleka moto kwenye plagi ndiyo imechoka. Na ukienda gereji bila ushahidi watakubadilishia hadi vioo. Kwanza tupime presha ya mafuta, tuiondoe pampu kwenye orodha ya washukiwa. Mtu wa sayansi hakisii, anapima."

Kwa hilo sikumpinga. Mimi mwenyewe nakula kwa kupima watu. Nilichokosea ni kutofunga mlango wa chumba changu, maana niliporudi kutoka zamu nilimkuta uani, boneti iko wazi, na mashine yangu ya kupimia presha ya wagonjwa imeunganishwa kwenye paipu ya petroli kwa utepe mweusi.

"Shemeji! Hiyo ni ya mikono ya watu!"

"Presha ni presha," alinijibu, akamwashiria dada awashe gari.

Mshale ulizunguka mzunguko mzima, ukagonga mahali ulipoanzia, ukakaa hapo hapo hadi leo. Petroli ikamrukia kifuani. Alisimama akinuka kama kituo cha mafuta, akatazama mashine, akatoa hukumu: "Hizi zenu za hospitali ni dhaifu sana."

Baada ya hapo, nitasema kweli, alitulia na kufanya kazi ya kiume. Alitafuta geji, kile kipimo cha presha chenye mshale, iliyong'olewa kwenye kompresa ya wajaza upepo. Akapata kiungo cha shaba chenye midomo mitatu, paipu nene ya petroli, na vibano vya chuma vya kukazia. Meza ya chakula ikawa karakana. Dada alikataa kuwasha jiko mpaka mapaipu yatoke ndani, tukala vitu vya baridi, na shemeji akala bila kujua anakula nini. Alikata, akakaza, akajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kutafuta pa kuvuja. Hapakuvuja popote. Kifaa kilikuwa kizuri. Hata dada alikigeuza geuza mkononi akasema, "Baba watoto, kumbe unaweza."

Siku ya kupima alifanya kila kitu kwa utaratibu. Alitoa fyuzi ya pampu, akaliacha gari lijizimie lenyewe ili presha ishuke, akafunga kifaa chake, akarudisha fyuzi. Kitabu cha gari kilisema mshale usimame juu kidogo ya arobaini. Dada akawasha. Mshale ukapanda mpaka kumi na tano, ukatetemeka. Akakanyaga mafuta, ukashuka mpaka kumi.

Mbu wa chini ya kiti ndiye aliyekuwa akizungumza peke yake.

"Kumi na tano," dada akasema kupitia dirishani, kwa upole uliozidi kiasi.

"Geji ina hitilafu," akasema shemeji.

Akatafuta geji nyingine. Kumi na tano. Akabadilisha paipu. Kumi na tano. Akapima alfajiri, kwa hoja kwamba petroli ya asubuhi bado haijachoka. Kumi na tano. Kifaa alichokitengeneza kwa mikono yake kilikuwa kimesimama upande wa mkewe, na hilo hakuweza kulisamehe.

"Tunahitaji gari la kulinganishia," akatangaza.

Jirani yetu, Baba Pacha, ana gari la aina ile ile, na halijawahi kumsumbua. Ni mpole kupita kiasi. Ukimwomba chumvi anakuletea na sufuria. Alifungua boneti kabla hajaambiwa sababu. Shemeji akafunga kifaa, Baba Pacha akawasha, na mshale ukaenda moja kwa moja mpaka arobaini na tatu, ukasimama wima kama askari kwenye gwaride.

Nikasema moyoni, yamekwisha. Dada alikuwa ameshakunja mikono, anatabasamu. Shemeji aliutazama ule mshale muda mrefu. Kisha akaweka mkono begani kwa Baba Pacha, vile vile madaktari wetu wanavyofanya wakiwa na habari mbaya.

"Jirani, gari lako lina presha ya kupanda."

"Ya kupanda?"

"Karibu mara tatu ya langu. Lingekulipukia barabarani."

"Lakini halijawahi kunisumbua, Injinia."

"Ndiyo hatari yake! Presha haina dalili. Muulize muuguzi."

Wakanigeukia. "Kwa binadamu ni kweli," nikaanza, "lakini..."

"Umesikia?" akasema shemeji.

Dada akajaribu. "Baba watoto, gari lisilo na kasoro ndilo hili linalotembea. Bovu ni letu."

"Mama watoto, usimtie jirani wasiwasi."

Na huku akimtoa jirani wasiwasi, alivalisha kibano kwenye paipu ya mafuta ya gari lake, akakikaza, akakikaza, mpaka mshale ukashuka kwenye kumi na tano. Akafungua kifaa, kibano akakiacha. "Sasa magari yote mawili yako sawa," alisema. Baba Pacha akamshukuru sana.

Kesho yake Baba Pacha alikuwa anampeleka mama mkwe wake kituo cha mabasi. Mama huyo hakuwahi kuridhika kwamba mwanawe aliolewa na mtu mpole. Katikati ya mlima gari likakohoa, likatetemeka, likazima. Malori yakapiga honi nyuma. Baba Pacha akampigia shemeji simu, sauti inatetemeka kama lile gari.

"Limezima? Vizuri," shemeji alimwambia. "Inamaanisha presha imetii. Nakuja."

Akachukua gari la dada. Nikapanda naye, kwa kuwa nilikuwa sina zamu na, sitaficha, nilitaka kuona. Tulipanda ule mlima kwa mbwembwe zote, na hatua chache nyuma ya gari la Baba Pacha, la kwetu nalo likazima. Sasa yakawa magari mawili, boneti mbili wazi, na mama mkwe amekaa kando ya barabara juu ya sanduku lake.

"Huyu ni nani?" akauliza, akimwonyesha shemeji kwa kidevu.

"Ni injinia, mama," akasema Baba Pacha.

"Wa nini?"

Shemeji akajifanya anatafuta spana. Mimi nikampigia dada.

Dada alikuja na pikapu ya gereji, amekaa mbele na fundi, mkebe wa pini bado uko mkononi. Hakufoka. Alimwonyesha fundi kile kibano, fundi akakilegeza, na gari la Baba Pacha likawaka mara moja. Mama mkwe aliingia bila kumuaga mtu, ila alipopita mbele ya shemeji aliguna, na ile miguno ya wamama wazima haina majibu.

Kisha dada akatoa kile kifaa kwenye buti la gari letu, akamkabidhi fundi. Fundi akakifunga kwenye gari letu, akapima. Kumi na tano.

"Pampu," akasema fundi. Halafu akabaki amekishika kifaa, anapapasa viungo. "Hiki mmekinunua wapi? Cha kwangu kinavuja kila mahali."

Shemeji alikuwa anatazama lami. Nikasubiri dada amalize kazi, maana kisu kilikuwa mkononi mwake na shingo ilikuwa imeinama.

"Katengeneza mume wangu," dada alisema. Na alisema kwa fahari, naapa.

Shemeji akainua kichwa. Kifua kikajaa. "Kwa kweli, fundi, mimi pampu niliishuku tangu..."

Dada akamtazama tu. Sentensi ikazima hapo hapo mlimani.

Pampu ikabadilishwa na dada akarudi kwenye sare zake. Siku hizi, Jumamosi, fundi humwita shemeji gereji na kifaa chake, na anakwenda amevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Ruhusa ya kwenda aliitoa dada, kwa sharti moja: asome namba, anyamaze.

Wiki iliyopita nilipita hapo. Alikuwa ameinama kwenye gari la mteja, mshale umesimama.

"Ishirini na mbili," akatangaza.

"Kwa hiyo kibovu ni nini?" mteja akamuuliza.

Shemeji akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ikamsimama. Akaniona mimi, shemeji mtu, nimesimama na mkoba wangu getini. Akaufunga mdomo, akameza kitu kikubwa, akarudia kwa huzuni, "Ishirini na mbili."