Msonobari Ulioziba Njia ya Ziwani

Habari hii alinipa Lorna Pruett mwenyewe, tulipokuwa tukichuma matufaha mwaka jana.

Kaka yake Wendell alikuwa amekwama siku ya pili kule ziwani, juu milimani, ekseli ya gari lake imekatika na chakula kimemwishia. Lorna akampelekea ekseli nyingine, yeye na mumewe Dwight. Katikati ya njia wakakuta msonobari umeanguka, umeziba pote.

"Zunguka hapo majanini," Dwight akasema. "Ona, mwenzetu keshapita."

"Na kule bonde la jirani walizunguka wenzako hivyo hivyo, wakaharibu majani yote. Leo kuna nini? Lango na kufuli, hapiti mtu!"

"Kaka yako ana njaa, mke wangu."

"Njaa ya Wendell naijua, nimekua nayo. Lete msumeno."

Lorna naye alitaka kumfikia kaka yake mapema, lakini ardhi ile chepechepe ikishachimbwa na magurudumu haiponi upesi. Wakakata kwa zamu muda wa saa tatu, upana wa gari tu. Dwight alipowasha gari, Lorna alikuwa bado anaburuta matawi, akiyatandaza juu ya alama za yule aliyezunguka, asije mwingine akazifuata.

"Bado tu, mama?"

"Bado."

Walifika jua likitua. Wendell alikula mikate minne ya nyama ndipo akapata sauti: "Mmechelewa!"

"Tumepita njiani," Lorna akamjibu.

Ekseli wakaiacha hadi asubuhi, na wanaume wakaanza kukoroma. Lorna akapaka mafuta viganja vyake vilivyochubuka, akavuta blanketi, naye akalala.