Malazi ya Mkaguzi

Ka!

Mlango ulijifunga nyuma yake, na kabla hajatupa jicho popote, fundi makufuli alijua jumba lile la kulaza paka halifai. Kitasa kizima hulia mara mbili: ulimi unapoingia, na unapokaa sawasawa. Hiki kililia mara moja kikanyamaza, kama mtu aliyekatizwa salamu.

"Karibu, dada yangu!" mwenye jumba alimpokea kwa tabasamu la meno yote. Kuta za waridi, kila paka na godoro lake. "Huyu wako atanenepa mpaka umsahau."

Fundi aliusukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukafunguka wote, na barabarani magari yanapita.

"Aa, huo tutaurekebisha."

"Lini? Paka akishagongwa?"

Akabeba kikapu chake, paka akiwa ndani, akatoka. Hakuwa na muda wa kubembelezana. Keshokutwa baba yake, seremala mstaafu, alitakiwa kupasuliwa goti. Mzee alikuwa ameahirisha mara mbili, na sababu ilikuwa moja, yenye masharubu: Mkaguzi, paka aliyeachwa na marehemu mkewe. Mara ya mwisho walimwacha kwa jirani, akatoroka siku tatu. Mzee akaapa kwamba hatalala hospitali mpaka paka apate pa kulala panapoeleweka. Daktari naye alishasema wazi: wakiahirisha tena, goti halitapona.

Jumba la pili lilikuwa la bati, halina hata kibao cha maana. Lakini mtu alipita mlango wa kwanza, ukafungwa nyuma yake, ndipo wa pili ukafunguliwa. Vitasa vyote viwili vililia mara mbili. Palinukia sabuni, si marashi. Mama mmoja mfupi, mikono imejaa alama za kucha, alifuta viganja kwenye aproni.

"Kadi ya chanjo?"

"Kachanjwa, mama. Kadi nimeisahau nyumbani."

"Basi rudini wote wawili mkaifuate."

"Mimi si mwongo!"

"Nani kasema? Humu wamo kumi na wawili, na kila mmoja ana mwenyewe aliyeniamini. Hata ungekuwa waziri, bila kadi hapiti."

Damu ilimchemka fundi. Alifungua kinywa amtolee uvivu, kisha kicheko kikamtoka badala ya maneno. Mji mzima alikuwa akimtafuta mtu huyu huyu.

"Unacheka nini? Niambie anaogopa nini."

"Mifuko ya plastiki. Na hali chakula akitazamwa."

Mama akaandika. "Nafunga saa kumi na mbili."

Nyumbani, mzee alikuwa ameketi, mguu juu ya stuli. Alipoona kikapu, uso ulimshuka.

"Hujapata."

"Nimepata, baba. Wamemkataa."

"Wamekataa, halafu unafurahi?"

Akamsimulia yote: milango, sabuni, kadi.

"Alikataa hata ulipofoka? Maana nakujua."

"Hata nilipofoka."

Mzee alicheka mpaka akalishika goti. Kisha akavuta mtoto wa meza, akatoa kadi, akaifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe.

"Mpeleke kabla hajafunga. Na daktari mwambie ninakuja," alisema. "Siahirishi tena, mwanangu. Keshokutwa saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye kitanda chake. Nakuahidi."