Miguu Irudipo Chini

Kwenye foleni ya maji katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, ndoo ikiwa chini ya bomba na wanawake wakisukumana kwa viwiko, Niragira aliruka. Hakuruka juu sana. Kiasi cha kuku anayevuka mpini wa jembe uani. Miguu ikarudi chini, matope yakamfikia Verediana aliyekuwa nyuma yake, na Verediana, ambaye hakuumbwa kunyamaza, akauliza, "Huyu naye leo kapandwa na nini?"

"Nahakikisha kama niko macho," Niragira akajibu, uso umemjaa furaha.

Furaha hiyo aliipata kwa Mwalimu Habonimana. Mzee huyo alikuwa akifundisha hesabu Burundi kabla ya vita, na huko ndiko alikopokea mafundisho aliyoyaita Gnosi, yaani maarifa ya mtu kujijua kwa ndani. Jumapili, baada ya misa, aliwakusanya wachache nyuma ya hema lake. Aliwaambia kuwa binadamu amelala hata anapolima, hata anapogombana, na kwamba ndani yake imo cheche iliyotoka juu, ila imefunikwa na majivu.

"Mtu ni kama hema moja lenye wakazi wengi," alisema. "Hasira imo, woga umo, majivuno yamo. Likiitwa jina lako, kila mmoja hutoka mbio kusema, ni mimi. Kazi yenu ni kuwatazama mpaka wakose pa kujificha."

Mazoezi yenyewe yalikuwa mepesi. Mchana, mara kwa mara, jiulize: mimi ni nani, niko wapi, nafanya nini? Kisha ruka kidogo. Miguu ikirudi chini, uko macho. Ukielea, basi uko ndotoni, na umeamka humo humo. Anayezoea kuuliza mchana ipo siku atajikuta anauliza usingizini.

Wengine walisikiliza kwa adabu wakaenda zao. Niragira alishika somo kama nyasi za kiangazi zinavyoshika moto, kwa kuwa yeye alikuwa na ndoto aliyotaka kuamka ndani yake.

Alizaliwa pacha. Kwao mapacha huja duniani na majina yao tayari: wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi. Yeye ndiye Butoyi. Bukuru alikuwa kaka yake. Asubuhi ya kuvuka mto Ruvubu, risasi zikilia mlimani, alisikia sauti nyuma yake ikiita, "Butoyi!" Akakimbia bila kugeuka. Alipofika ng'ambo, upande wa Tanzania, Bukuru hakuwapo. Tangu hapo hakulitaja tena jina hilo, maana ukisema unaitwa Butoyi, swali linalofuata ni lile lile: na Bukuru yuko wapi? Kambini walimjua kwa jina la Niragira tu. Lakini ndotoni sauti iliita vilevile, naye alikimbia vilevile. Alitaka jambo moja tu: ageuke, japo mara moja, amwone anayemwita.

Basi akawa mtu wa kuruka. Aliruka akichanja kuni, aliruka akitoka kanisani, aliruka akipalilia migomba ya Mama Leonsia, mkulima wa kijiji jirani cha Kanazi aliyempa kibarua.

"Binti yangu," Leonsia alimuuliza, "hao viroboto watakuachia lini?"

"Si viroboto, mama. Najifunza kuamka."

"Mimi jogoo wangu ananitosha."

Mchana mmoja wa jua kali alisinzia kivulini mwa migomba hiyo. Mto ukaja, risasi zikaja, na sauti ikaita. Alikuwa amekwisha kuanza kukimbia lilipomjia swali: niko wapi? Akaruka. Ardhi haikumpokea. Alining'inia juu ya maji, mwepesi, na kila jani la ukingoni likang'aa. Alitaka kupiga kelele kwa raha, na raha hiyo hiyo ikamfumbua macho. Aliliacha jembe pale pale, akakimbia mpaka kambini.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeruka, sikushuka!"

"Marahaba. Ukageuka?"

"Furaha iliniamsha."

Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. "Furaha nayo ni mkazi wa hemani. Imekutangulia kuitika." Kisha akauliza, "Na yule anayekimbia kila siku, umewahi kumtazama?"

"Ni mimi yule."

"Ni woga. Wewe ndiye unayenisimulia habari zake."

Niragira alirudi Kanazi polepole. Miaka yote alikuwa amemchukia yule mkimbiaji, kumbe ndiye aliyemvusha mto akiwa hai. Alimwonea huruma kwa mara ya kwanza. Hata alimshukuru kwa sauti, na mpita njia akamkwepa.

Baada ya mavuno Leonsia alikwenda naye Nyakahura, kuuza maharage kwenye soko la kando ya barabara. Walishusha magunia kutoka kwenye lori, wakatandika turubai, na Niragira akatumwa kutafuta kopo la kupimia. Alikuwa katikati ya wauza ndizi sauti ya mwanamume ilipoita nyuma yake.

"Butoyi!"

Miguu ikaondoka kabla yake. Alipita ndizi, akapita vitenge, na hapo akauona woga ukipanda kifuani, ukishika mbele kama kawaida yake. Pole, akauambia, leo nitaitika mwenyewe. Akasimama. Niko wapi? Nyakahura. Nafanya nini? Nilikuwa nakimbia. Akaruka.

Miguu ikarudi chini. Kokoto ilimchoma kisigino, vumbi likatimka, na maumivu yale yakamtia furaha isiyo na mfano. Hapakuwa na mto. Mabutoyi ni wengi wilaya hizi, alilijua hilo. Kila penye mapacha yumo mmoja.

"Butoyi!" Sasa ilikuwa karibu zaidi.

Leonsia alikuwa amemfuata, anatweta. "Niragira, unaruka mpaka sokoni, watu wanatutazama. Na huyo Butoyi anayeitwa ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Akavuta pumzi.

"Abee," akaitika, akageuka.