Ua Lisilo na Majani

Tangu kiharusi kimshike upande wa kulia, Osoro alikuwa ameomba kitu kimoja tu. Hakuomba nyama, wala kupelekwa kwao Kisii kusalimia ndugu. Alikaa kwenye kiti chake dirishani, akatazama chai iliyofunika bonde zima la Roret, akamwambia mkewe kwa maneno yaliyotoka moja moja, "Nyambeki. Miaka yote... kijani tu. Nataka kuona... kitu chekundu."

Nyambeki aliona ni ombi dogo sana. Alikuwa amechuma chai miaka thelathini na moja, akalea watoto wanne, Mageto na wadogo zake, katika chumba cha kambi ya wafanyakazi, na sasa alikuwa amestaafu na ana ploti yake mwenyewe. Kupanda ua moja kungemshinda vipi?

Kulimshinda. Alipanda mawaridi, yakanenepa na kukataa katakata kutoa maua. Akapanda jeraniamu, mambo yakawa yale yale. Akalaumu udongo, akaleta samadi. Akalaumu kuku wa jirani, akazungushia bustani waya, na kumbe kuku wa watu, maskini, hawakuwa wamegusa kitu. Kila asubuhi alipita katikati ya mimea yake akiikagua na kuibembeleza, na kila asubuhi hakuona hata tumba moja. Miezi saba ikaisha hivyo. Osoro hakulalamika, na hilo ndilo lililomuuma Nyambeki kuliko yote. Alianza kuamini kwamba ana mkono mbaya, na kwamba mume wake atakufa akitazama kijani.

Jumanne moja alimpeleka Osoro hospitalini Kapkatet kwa mazoezi ya mguu. Alipomwacha mikononi mwa daktari, alivuka barabara hadi kwa Nyathira, mwanamke wa makamo aliyekuja huku kutoka Nyeri kuuza nguo akaishia kuuza miche. Ilikuwa mara yake ya tatu kufika hapo, na safari hii alikwenda kugombana.

"Miche yako ni ya uongo," alianza hata kabla ya salamu.

"Imekufa, mama?"

"Heri ingekufa! Imenona kama ng'ombe wa shoo ya kilimo. Maua hakuna."

Muuzaji mwingine angeapa kwa jina la Mungu, halafu amuuzie mbolea. Nyathira hakujitetea. Alishika kiuno, akamwangalia mteja wake akitembea kati ya safu za miche huku akiteta. Alipofika mwisho wa safu ya tatu, Nyathira alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mama, simama hapo hapo. Sasa angalia nyuma yako."

Nyambeki aligeuka. Kuanzia getini hadi aliposimama, chini kulikuwa na mstari wa ncha za miche: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, zote zimevunjwa sawasawa, kama chai inavyochumwa. Mkononi alikuwa na konzi nyingine. Na kabla hajaelewa anachokiona, mkono ule ulipanda wenyewe, ukairusha juu ya bega, ndani ya kikapu ambacho hakuwa amekibeba tangu astaafu.

Masikio yalimwaka kwa aibu. Kumbe kila asubuhi, alipodhani anaibembeleza mimea yake, alikuwa akiichuma.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi nimemnyima Osoro ua lake." Akakaa juu ya debe lililopinduliwa, akalia.

Nyathira alimsogelea. "Umechuma miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Basi hiyo mikono haiwezi kusikia leo ukiiambia iache. Wachana na mikono. Tutabadilisha mmea."

Hapo ndipo Nyambeki alipoona kazi ya mtu anayeijua kazi yake. Watu wengine humchagulia mgeni wa bustani miche kwa kuuliza jua na kivuli. Nyathira aliinama, akaishika ile mikono miwili, akaigeuza, akatazama vidole gumba vilivyokuwa na sugu nyeusi ya utomvu, kisha akasimama na kuanza kuchagua. Mawaridi aliyaweka kando. "Hii inasumbua hata wazoefu." Akaleta mshubiri. "Huyu hataki maji, hataki mbolea, na ukimshikashika ako na meno." Akaleta rozmeri yenye majani ya kunukia. "Hii weka chini ya dirisha. Chuma asubuhi, chuma jioni. Ukichuma ndiyo inajaa vizuri." Mwisho akachimbua kutoka kwenye ndoo kitunguu kikubwa cha ua, kikavu, kisicho na hata jani moja.

"Hii ni amarilisi. Zika, shingo ibaki nje, halafu usahau. Mvua ya huko kwenu itamaliza kazi. Itatoa fimbo moja tupu, na ua jekundu juu. Jani hakuna. Mkono wako utafika hapo ukose cha kuvuna."

Nyambeki alikizika mbele ya dirisha la Osoro, kando ya rozmeri, na ikawa kama Nyathira alivyosema. Mvua zilishuka, na wiki ya saba fimbo ya kijani ilichomoza. Mkono wa Nyambeki uliifikia kweli. Vidole vilipanda kutoka chini hadi juu vikitafuta majani mawili, vikakosa, vikarudi kwenye rozmeri. Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, ua lilifunguka, jekundu la kuumiza macho.

Nyambeki alikimbilia ndani. Osoro alikuwa dirishani, nusu ya uso wake ikicheka na machozi yakishuka pande zote mbili. Furaha ilimjaa Nyambeki hata akashindwa kuificha siri yake.

"Baba Mageto, nisamehe. Miezi ile yote, ni mimi nilikuwa nachuma maua yako kabla yatoke."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa... nakuona. Kila siku."

"Na ukanyamaza? Na wewe ndiye ulitaka chekundu?"

Mkono wa kushoto wa Osoro, ule mzima, uliutafuta wa mkewe.

"Siku ya kwanza nilipokuona... ulikuwa unachuma. Kule chini, kwa mto. Nikasema, huyu." Akapumzika. "Ningekuambia... ungeacha."

Nyambeki alitoka nje, akasimama mbele ya dirisha pale anapoonekana vizuri, akaanza kuchuma rozmeri.