Wali wa Kijani katika Chupa za Bi Nana

Mimi si mtu wa kuwasifu wake wa ndugu zangu. Wifi ukimsifu leo, kesho anakutuma maji nyumbani kwa mamako mwenyewe. Lakini haki ina wenyewe, na ya Ruwaida nitaisema mimi, Kulthum, hata kama itaniwasha.

Kakangu Fawaz alimwoa Ruwaida huko kwao Kililana, akamleta hapa Chundwa. Mavyaa aliyemkuta ni mamangu, Bi Nana, mzaliwa wa Amu, mji wa Lamu, aliyekuja kisiwani kwetu akiwa bi harusi na mbegu za pilipili mbuzi za mamake zimefungwa kwenye pindo la leso. Achari yake ya pilipili hizo ilikuwa haikosi kwenye harusi yoyote ya mji huu. Mbegu hakumpa mtu. Mwenyewe husema ni kwa heshima ya marehemu mamake. Mimi nasema ni uchoyo, na nilijua siku moja fundo lile litakuwa langu, kwa hivyo sikulalamika.

Kisha ukaingia mnyauko. Maji ya mvua yakituama kidogo tu, mche ulioamka mzima asubuhi, jioni utaukuta umelegea. Ukiung'oa, shina ni jeusi pale linapogusa udongo na mizizi imeoza. Tulitia majivu, tukatia dawa ya dukani, tukasoma Yasini. Misimu miwili hatukuvuna hata ya kutia kwenye samaki. Ikabaki mbegu ya fundo moja, na chupa za achari zikakaa tupu kwenye rafu. Mama hakulia, ila kila akipita alizifuta vumbi, nami roho iliniuma.

Ruwaida alikwenda kwao kutembea akarudi na kipakiti cha unga wa kijani alichopewa na chama chao cha wakulima. Hakuuliza mtu. Alichemsha chenga za mchele zisiive sana, akazipoza, akazitia ndani ya chupa za Mama, akanyunyiza ule unga, akafunga kwa kitambaa na kuzificha chini ya kitanda. Baada ya siku kadhaa wali ule ulikuwa kijani kama ukuta wa birika la msikiti.

Mama alizikuta akifagia. Sisi tumelelewa kuokota punje iliyoanguka mkekani na kuila. Alitoka uani ameshika chupa kwa mikono miwili, na mimi, Mungu anisamehe, nikasogeza kigoda karibu nisikose neno.

"Neema ya Mwenyezi Mungu waiozesha makusudi," alisema kwa Kiamu chake, "na ndani ya tupa zangu?"

Ruwaida aliketi chini mkekani, akamjibu bila kuinua sauti. "Wali haukuoza, Mama. Umeliwa. Ndani mna kiumbe hai, nami namlisha apate nguvu. Akitiwa udongoni hukaa mizizini, na kuvu inayoua pilipili zako yeye huila."

Akaeleza kwamba mche ulioanguka hauponi tena. Kuvu hii njema ni ya kuulinda mche mzima tangu ukiwa mdogo, kwa hivyo alihitaji mbegu. Na mbegu ilikuwa ile ya mwisho. Hapo hata mimi kicheko kilinikauka.

Mama aliiweka chupa chini. "Kwa hivyo mtele haukutupwa," alisema. Akaingia ndani, akarudi na leso, akafungua fundo na kuzigawa mbegu kwa ukucha mafungu mawili. Nusu ya Ruwaida na udongo wake, nusu yake mwenyewe na udongo wa kawaida. Yeye mzee, alisema, lakini mjinga si yeye.

Ruwaida aliuchanganya wali na samadi iliyoiva, kivulini, maana jua kali huua viumbe vile, na dawa ya dukani aliikataza isikaribie. Akainua matuta maji yasituame. Kisha akainua na ya Mama vilevile, asije mtu akasema ameshinda kwa matuta. Nilimwambia ni mpumbavu. Akacheka akaendelea kulima.

Mvua ilipokuja, miche ya Mama ilianza kuanguka mmoja mmoja. Ya Ruwaida pia michache ilikufa, sitasema uongo, lakini mingine ilisimama imejaa majani. Ningekuwa mimi, ningepita na kanga mpya mbele ya matuta yale kila asubuhi. Yeye aliyapalilia ya Mama mpaka mche wa mwisho ulipolala. Hapo ndipo nilipompenda, nikakasirika kwamba nimempenda.

Pilipili za kwanza kuiva hakuzionja. Alitoa mbegu zote, akazianika kivulini, akazifunga kwenye leso ya Mama na kumrudishia. Mama aliishika leso ile, machozi yakamtoka mbele yetu sote.

Kisha akamwona Ruwaida anapima chenga za kulishia kuvu ya msimu ujao. Akazimwaga kwa kuku, akaenda akaleta mchele wa Ijumaa, ule mrefu tunaowapikia watu wa heshima.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Hawa wa ndani ya tupa wamekuya na majembe yao. Wape mtele mwema." Halafu akachukua pindo la leso aliyojifunga Ruwaida, akalitia zile mbegu na kulikaza fundo kwa mkono wake. "Na hizi ni zako, mwanangu."

Fundo langu, hilo. Nilinuna siku mbili, chakula nikalia chumbani kwangu. Ya tatu nikachukua jembe, nikamfuata wifi yangu shambani.