Bangi ya Lindsay Iliyoiva Alhamisi Kuu

Merle Tranter aliuinamia mmea, akasogeza kioo cha kukuzia kwenye ua nono la juu, akafumba jicho moja. Vile vitone vya utomvu vilivyokuwa angavu kama maji sasa vilikuwa na weupe wa maziwa, na hapa na pale kimoja kimeshageuka rangi ya asali.

Jirani yake Lindsay alikuwa amemwelekeza vizuri kabla ya kulazwa. "Vikiwa maji, bado. Vikiwa maziwa, kata. Zile nywele nyekundu zisikudanganye, hata mvua huzigeuza. Wewe tazama vitone. Na usinicheleweshee, Merle. Maua manene hivi yakilowa huoza kwa ndani."

Mimea ilikuwa miwili, kiasi ambacho sheria ya Canberra, Australia, inamruhusu mtu kuotesha nyuma ya nyumba yake. Lindsay alikuwa fundi bomba mstaafu, mgongo umekwisha. Vidonge vya hospitali vilimtapisha. Mafuta aliyoyapika mwenyewe kwa maua hayo ndiyo yaliyompa usingizi baridi yote ya mwaka uliopita. Kabla ya hapo Merle alikuwa akimsikia akiugua kwa maumivu mpaka kwenye uzio.

Simu ikalia mfukoni mwa aproni.

"Haya, Mtakatifu Merle," sauti ya Lindsay ikakwaruza. "Wasichana wangu hawajambo?"

"Wanakusalimu," Merle akajibu, akiitazama mimea miwili.

"Vitone vikoje?"

Merle akatazama ng'ambo ya uzio, ambao ulimfika kiunoni tu. Dirishani mwa jiko la Merle mwenyewe alisimama Dulcie Farrugia wa parokiani, aliyekuja kusaidia, unga hadi viwikoni, akikanda mikate ya Ijumaa Kuu yenye alama ya msalaba. Dulcie angeona kila kitu: mjane wa kiongozi wa kwaya, Alhamisi Kuu, amekumbatia matawi ya bangi.

"Bado," akasema. "Bado ni maji."

"Bado? Na jua lote hili? Haya, wewe ndiye mwenye macho."

Merle akarudi jikoni kwake na kushika unga. Alijiambia kwamba Jumatatu, Dulcie akiwa kwake, angekata yote, na hakuna ambaye angeumia.

Ijumaa mchana, watu wakibusu msalaba, mvua ikaanza. Ikanyesha mpaka Jumapili. Merle alipokea komunyo ya Pasaka kwa ulimi uleule uliosema bado, na alipotoka kanisani hakubadilisha hata viatu. Akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba ya Lindsay, akalishika lile ua la juu. Likamvunjikia mkononi kama keki iliyolala nje. Ndani palikuwa na ukungu wa kijivu. Akafungua jingine, na jingine.

Lindsay alirudi siku iliyofuata, fimbo mkononi. Aliyatazama yale mashina yaliyovuliwa maua, akapumua.

"Mvua ya Pasaka hiyo. Usijilaumu, jirani."

Njia ya kukwepa lawama ilikuwa wazi, tena Lindsay mwenyewe ndiye aliyemfungulia. Merle akajishika kwenye uzio.

"Niliviona Alhamisi, Lindsay. Vilikuwa maziwa."

"Nilipopiga simu?"

"Ulipopiga."

"Sasa kwa nini, mama wee?"

"Dulcie alikuwa dirishani."

Lindsay akacheka kicheko kisicho na furaha. "Dulcie! Kumbe mgongo wangu uliwekwa mizani moja na macho ya Dulcie, ukaonekana mwepesi." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Siku zilizofuata Merle alimsikia tena akiugua. Alisali, lakini kila sala ilimrudisha palepale dirishani. Jumapili iliyofuata hakwenda mbele kupokea komunyo, na baada ya Misa, kwenye chai ya ukumbini, akasimama katikati ya akina mama, kikombe mkononi.

"Jamani, natafuta bangi. Si yangu. Nimemwozeshea jirani yangu ya kwake kwa kuwaogopa ninyi."

Mtu akakohoa. Dulcie akaweka kijiko chini taratibu.

"Unataka mbichi au kavu?" akauliza. "Mume wangu anaotesha nyuma ya nyanya. Na usinitolee macho, Merle, wewe kunywa chai."

Jioni hiyo Merle aligonga mlango wa Lindsay akiwa na chupa ya maua makavu, akamwambia yametoka kwa mume wa Dulcie. Lindsay hakumkaribisha, wala hakumfukuza. Alifungua kifuniko, akanusa, akatoa ua moja na kulisogeza chini ya kioo chake karibu na taa. Alilitazama sana.

"Huyu bwana hana subira," akasema. "Amekata vikiwa maji matupu. Hii haitafika hata nusu ya ile yangu."

"Najua itakuwa pungufu."

"Hujui. Mimi ndiye nitakayejua, baridi ikishika."

Nyumba ilikuwa na baridi. Kama wengi mjini, Lindsay hakuwa akiwasha hita kabla ya Anzac, sikukuu ya kuwakumbuka askari mwishoni mwa Aprili, na mgongo wake ulikuwa umekakamaa mpaka shingoni.

"Basi ingia, unaniletea upepo," akasema hatimaye, bila kumtazama. "Sufuria ya kupikia mafuta iko juu, siifikii. Na moto uwe mdogo."

Merle akaingia, akavuta kiti, akapanda kuiteremsha.